Kucha za Nives

Mtu akimwona Nives Zorzan stesheni ya Padova, huku Italia, na lile kasha lake refu mgongoni, lazima amuulize amebeba nini. Mmoja atasema mtumbwi. Mwingine atasema maiti ya twiga. Yeye hujibu wote jibu moja, "Mume wangu, amelala," kisha huyoo, anapanda treni yake. Ndani ya kasha mna tiorba, ndugu mkubwa wa udi: tumbo ni lile lile la mviringo mnalolijua, ila shingo imerefushwa mpaka ikampita mpigaji kimo, na nyuzi zake ni za utumbo wa kondoo. Miaka mia nne nyuma hapakuimbwa wimbo wa maana huku bila chombo hicho pembeni. Siku hizi kinapigwa na watu wachache wenye vichwa vigumu, na katika hao mimi sijamwona wa kumshinda Nives.

Ugumu wenyewe ameurithi Este, nyumbani kwao, tena kwa upande wa baba. Ottorino Zorzan alifanya kazi kiwanda cha vyombo vya udongo. Siku za kazi alichoma sahani. Jumamosi na Jumapili alipiga gitaa kwenye kumbi za dansi za vijiji vile vya bondeni, nyuma ya mpiga kodiani mmoja mwenye meno ya dhahabu. Watu walimjua mpiga kodiani. Walimnunulia divai, walimtuza, wanawake walimkonyeza. Ottorino alikaa nyuma karibu na pazia, chaka-chaka, chaka-chaka, toka jua linazama mpaka wachezaji wamechoka miguu, na akipita sokoni kesho yake watu wakimwuliza, "Ee Ottorino, jana ulikuwepo?"

Basi alipopata mtoto, na mtoto mwenyewe ni huyo huyo mmoja, akajiapiza moyoni. Huyu atakaa mbele. Atakaa peke yake kwenye kiti, taa zote juu yake, na watu kimya. Alimnunulia gitaa la kumbi za heshima, akamtafutia mwalimu, akaanza kumfuga kucha.

Gitaa la namna hiyo hupigwa kwa kucha, na kucha za mkono wa kulia wa Nives ziligeuka mali ya ukoo. Msichana haoshi sahani. Hafui. Hamenyi vitunguu. Akifungua mlango wa gari anatumia mkono wa kushoto. Kila Jumapili baada ya misa Ottorino alichomoa tupa ndogo ya kucha kwenye mfuko wa shati, akamkalisha binti yake dirishani na kumnoa kidole kimoja kimoja, huku amekunja uso kama anatengeneza saa. Mama yake, Argia, aliyekuwa akiosha sahani za wote watatu, alinung'unika.

"Tunalea mtoto humu ndani au tunalea paka?"

"Tunalea msanii," Ottorino alijibu bila kuinua macho.

Na msichana alijua kupiga, tusimnyime haki yake. Alifika mwaka wa mwisho wa chuo cha muziki akiwa anasemwa kila ukumbi. Ni mwaka huo alipokwenda kanisa moja la Padova kumsindikiza rafiki yake Ilde Farinon, mwimbaji, ambaye alikuwa amechukuliwa na kikundi cha bibi mmoja mpiga kinanda cha kale, jina lake Fides Marangon. Kikundi kiliitwa Brenta, kama mto wa huku. Nives alikaa benchi la mbele akitaka mazoezi yaishe wakale. Ilde akaanza kuimba, na nyuma ya kiwiko chake kijana fulani akagusa tiorba.

Sauti ilikuwa ndogo. Ilitoka chini kabisa, ikafika kabla Ilde hajaihitaji, kama mtu anayekusogezea kiti kabla hujajua kwamba umechoka. Ilde akaimba namna ambayo Nives, aliyemjua toka utotoni, hakuwahi kumsikia akiimba. Mazoezi yalipokwisha Nives hakutaka tena chakula. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Fides akaomba ashike kile chombo.

Fides alimwachia apige kidogo, halafu akamshika mkono wa kulia akaugeuza.

"Mkono mzuri," alisema. "Lakini hizi kucha zitanilia nyuzi zangu. Utumbo wa kondoo unataka nyama ya kidole, binti yangu, hautaki panga."

"Nikizikata?"

"Ukizikata huna gitaa. Ukucha ni kazi ya miezi. Usinisikilize mimi, kamsikilize mama yako."

Mtu mwenye busara angefanya mtihani wake kwanza, akapata cheti, akakata baadaye. Nives hakuwa na busara hiyo, na mpaka leo ukimwambia hivyo atakukatia mazungumzo. Alijua akishinda mtihani ule baba yake atalia machozi, wajomba watakuja na divai, na yeye hataweza tena kusema hapana. Kwa hiyo mkesha wa mtihani alikaa mezani jikoni, akachukua mkasi wa mama yake, akakata zote tano, akazipanga kwenye kisahani cha kahawa. Hakuficha kisahani.

Ottorino aliingia kutoka kazini na vumbi la udongo kwenye nyusi. Akaona kisahani. Akaona mkono.

"Zimevunjika?"

"Nimezikata, baba."

"Zitaota," Argia akawahi kusema. "Mtihani utasogezwa, zitaota."

"Sitaziacha ziote," Nives alisema. "Napiga tiorba."

Baba yake alivuta kiti akakaa. Chombo chenyewe alikuwa anakifahamu, maana Nives alikuwa amempeleka kanisani wiki ile akisikilize, akidhani kitamshika kama kilivyomshika yeye.

"Kile kidubwana," Ottorino alisema. "Kile hakisikiki, Nives. Nilikaa pale nimetega sikio mpaka shingo ikauma. Hakisikiki."

"Mimi nilikisikia."

"Basi kisikilize peke yako."

Akainuka, akamwaga zile kucha motoni, na polenta ya jioni ile, ugali wa huku, ililiwa kimya. Wasidhani watu kwamba walinuniana maisha yote. Walizungumza, walizungumza juu ya bei ya mafuta ya jiko, mpira, mguu wa Argia, na Argia alipofariki, walizungumza juu ya maua ya kaburi. Tiorba tu ndiyo ilikuwa haitajwi. Mara chache alipokwenda kwenye onyesho la bintiye, akiulizwa vipi, jibu lake lilikuwa tayari mfukoni pamoja na ile tupa: "Zuri. Wewe sikukusikia." Tupa, ndiyo, aliendelea kutembea nayo. Mpiga gitaa ni mpiga gitaa mpaka anazikwa.

Hivyo ndivyo Nives alivyoanza kazi, na neno lile kama kijiwe ndani ya kiatu. Fides alimpa kiti cha yule kijana, ambaye alikwenda kuuza bima, na kiti hicho kilikuwa na mahali pake: mbele, kiwikoni pa Ilde, mwimbaji akinyoosha mkono anamgusa. Walizunguka na Brenta makanisa yenye unyevu, majumba ya matajiri waliokwisha kufilisika, kumbi za manispaa zenye picha za madiwani. Nyuzi za utumbo zina jeuri yake. Mvua ikinyesha zinavimba, hita ikiwashwa zinalegea, na mwenye tiorba hufika mapema kuliko wote kuzibembeleza. Duilio, mpiga fidla kubwa ya kukumbatia magotini, alikuwa na utani wake juu ya hilo.

"Nives akianza kutyuni nakwenda kunywa kahawa. Nikirudi namkuta kwenye uzi wa tatu na hasira."

"Wewe zako ni chache," Nives humjibu, "na bado zote zimepotoka."

Kazi yenyewe haionekani kwa macho. Karatasi ya mpiga tiorba ina sauti za chini tu na tarakimu ndogo juu yake. Mengine yote anayatoa mwenyewe papo hapo, akimtazama mwimbaji mabegani. Ilde akitaka kuvuta pumzi, Nives anajua kabla ya Ilde. Ilde akitaka kukaa juu ya neno moja la huzuni, Nives anamtandikia. Watu wakitoka ukumbini wanasema, leo Ilde alikuwa mtamu. Wengine humfuata Nives nyuma ya jukwaa, wamgusie lile shingo refu la tiorba, wamwambie, "Chombo kizuri sana, mama. Pole, hatukukisikia." Ukiishi na neno hilo miaka yote hiyo, ama linakuvunja au unaota sugu. Nives aliota sugu, na vidole vyake pia.

Kisha Fides akafa, na kikundi kikarithiwa na Ermete Callegaro.

Huyu Ermete sitaki kumsingizia ubaya. Alipiga kinanda cha kale vizuri, alivaa skafu nzuri, na alitafuta kazi kwa bidii ambayo Fides hakuwahi kuwa nayo. Lakini alipenda vitu vikubwa. Alitaka kinanda kikubwa, matangazo makubwa, ukumbi mkubwa. Na ukumbi akaupata, ule mpya nje ya mji, viti vinapanda mpaka kichwa kinazunguka. Brenta walialikwa kuufungulia msimu. Mchana wa siku ya onyesho Nives alifika kwa mazoezi ya mwisho, tiorba mgongoni na baba yake mkononi, kwa sababu mzee alikuwa amezeeka sasa, anatembea kwa fimbo, na jirani anayekaa naye alikuwa amesafiri. Alimpandisha mpaka kiti cha nyuma kabisa alichokichagua mwenyewe mzee, karibu na mlango wa choo, akashuka jukwaani kutafuta kiti chake.

Kiti hakikuwepo. Kiwikoni pa Ilde palikuwa na nafasi tupu. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma ya kinanda, chini ya kifuniko chake kilichoinuliwa, na kando yake mlingoti mwembamba wenye kipaza sauti kidogo cheusi.

"Nani amenihamisha?"

"Mimi," Ermete alisema, mikono tayari hewani kutuliza. "Nives, dada yangu, sikia kwanza. Ukumbi ni huu unaouona. Huku mbele utanizibia mwimbaji na lile shingo lako, na hakuna atakayekusikia. Ukikaa pale, na hicho kidude, watakusikia mpaka uani."

"Watakisikia kidude."

"Ni sauti yako ile ile."

"Sauti yangu inatoka hapa," Nives akapiga tumbo la chombo kwa kiganja, "inakwenda kwa Ilde. Hiyo yako inatoka darini. Anitafute darini?"

Ilde alitazama viatu vyake. Alikuwa rafiki, lakini mkataba alikuwa nao Ermete.

"Fides angekubali?" Nives aliuliza.

"Fides alipiga makanisani mbele ya masista na mbwa," Ermete alisema, na hapo upole ukamtoka kidogo. "Mimi nina watu wamelipa. Siwezi kumkalisha mtu jukwaani anakuna tumbo la mti hakuna anayemsikia. Ama kipaza sauti, ama baada ya leo kiti hicho nakitoa. Nimesema wazi, usiseme sikukwambia."

"Kitoe, basi. Maana hicho kidude sikigusi."

Duilio akajikohoza. Ermete, ambaye alipenda kuonekana ni mtu wa haki, akatazama ukumbi mzima mtupu, akamwona mzee peke yake kule juu karibu na mlango wa choo.

"Tumuulize mtu asiye na upande," alisema. "Yule mzee ni nani?"

"Ni baba yangu."

"Bora zaidi. Hutasema yuko upande wangu." Akapaza sauti. "Mzee Zorzan, shikamoo. Masikio yako mazima?"

"Mabovu kwa simu tu," sauti ya Ottorino ikashuka kutoka kule. "Sipendi wanaopiga."

"Tutapiga kidogo. Utuambie unasikia nini."

Nives alikaa kwenye kile kiti cha nyuma ya kinanda, akaupa mgongo mlingoti, wakapiga kipande cha mwanzo cha ule wimbo wa maombolezo uliokuwa roho ya onyesho: mama anamlilia mwanawe, sauti moja na vyombo vitatu chini yake. Nives alipiga kwa vidole vyote alivyojaliwa. Moyoni alikuwa anaomba, na alijichukia kwa kuomba. Alikuwa mtu mzima, nywele zimechanganya, na bado alikuwa anamngoja baba yake aseme neno moja.

Ermete akainua mkono, wakanyamaza.

"Haya, mzee. Unasikia nini?"

Ottorino alisogea ukingoni mwa kiti.

"Kinanda nakisikia. Fidla ile kubwa naisikia. Binti anayeimba namsikia vizuri, hongera, mama." Akagonga fimbo sakafuni. "Nives simsikii."

Ermete hakucheka, nampa hiyo. Alifungua tu mikono, kama mtu aliyeonyesha mlango ulikuwa wazi muda wote. "Sikusema mimi," alisema kwa upole. "Leo kaa hapo hapo, piga utakavyo, haitadhuru kitu. Kesho tutazungumza."

Haitadhuru kitu. Neno hilo ndilo lililomchoma Nives kuliko la baba yake. La baba yake alikuwa amelizoea. Hili lilikuwa na maana kwamba ameketi miaka yote hiyo mahali ambapo hata angeweka gunia la viazi isingedhuru kitu. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Akafikiri: vizuri. Tuone.

"Tuanze mwanzo mpaka mwisho," Ermete alisema, akakaa kwenye kinanda.

Nives akaikumbatia tiorba, akamtazama Ilde mabegani kama kawaida, na vidole vyake vikaanza kwenda. Vilikwenda kama vinavyokwenda siku zote, kila kimoja mahali pake, kwa wakati wake. Ila havikugusa uzi. Vilipita juu yake, nafasi ya punje ya mchele, na havikutoa sauti yoyote.

Nikwambie alivyojisikia. Alikuwa anaogopa. Wale wakimaliza wimbo ule salama bila yeye, basi baba yake alisema kweli toka siku ya kisahani, na Ermete anasema kweli, na yeye atafunga kasha lake mwenyewe bila kungoja kesho. Hilo alikuwa ameshaliamua. Na mwanzo walikwenda salama. Ilde aliingia mahali pake, fidla ikamfuata, kinanda kikamwagika juu yao wote kama changarawe. Nives alisikia mwenyewe kwamba hakijapungua kitu.

Kisha Ilde akafika pale mama anapotaja jina la mtoto. Pale huwa anakaa, hana haraka, kwa sababu huwa pametandikwa. Akakaa, na chini hapakuwa na kitu. Akatoka mapema. Duilio, aliyekuwa anamngoja akae, akabaki nyuma. Ermete akakimbilia kuwaunganisha, akapiga kwa nguvu, Ilde akapandisha sauti kumshinda, na wimbo ukasimama.

"Samahani," Ilde alisema. "Nimewahi."

Wakarudia. Ilde akachelewa. Ermete akasimama, akachungulia ndani ya kinanda, akasema sauti yake imeshuka, akaipandisha. Wakarudia. Duilio akasema hapana, kinanda sasa kimepanda kuliko yeye. Ilde akaomba maji. Akasema hita ya ukumbi huu inakausha koo. Mtu akaenda kuzima hita. Wakarudia, na safari hii ilikuwa mbaya kushinda zote, watu watatu wanatembea ngazi gizani, kila mmoja anamkanyaga mwenzake.

"Unaniburuza," Ermete alimwambia Duilio.

"Mimi? Wewe ndiye unakimbia kama umeacha maziwa jikoni."

"Acheni kugombana," Ilde alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Mimi leo sijui nakanyaga wapi. Sijui nina nini."

Nyuma ya kifuniko Nives alisikia yote. Mikono yake ilikuwa bado mahali pake, na uso umempoa. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama. Walitafuta hitilafu kwenye kinanda, kwenye hita, kwenye koo, na walikuwa tayari kuitafuta kwenye kuta.

Ndipo fimbo ikaanza kugonga ngazi. Ottorino alikuwa anashuka, polepole, ameshika viti kwa mkono mmoja mpaka alipofika mstari wa mbele.

"Nives," alisema. "Mbona umeacha kupiga?"

"Anapiga, mzee," Ermete akasema kwa uchovu. "Mikono si hiyo inakwenda."

"Mikono inakwenda. Hapigi. Ameacha tangu mlipoanza upya, nami nimekaa pale nangoja mmoja wenu amuulize, naona mnazima hita."

Ermete akageuka kwenye kiti. Wote wakageuka.

"Nives?"

"Sipigi," Nives alisema.

"Kwa nini?"

"Nimeambiwa sisikiki. Nikaona nisiwasumbue."

Ilde akaweka chini glasi ya maji. Duilio aliinamisha kichwa juu ya fidla yake, mabega yakawa yanatikisika, akajifanya anakohoa. Ermete alilegeza skafu yake.

Lakini Nives hakuwa anamtazama Ermete. Alikuwa ameinuka, tiorba mkononi, anamtazama baba yake.

"Umejuaje?" aliuliza, na sauti ilimtoka kali, maana aliogopa itatoka nyingine. "Sasa hivi umesema hunisikii. Umesema hivyo maisha yangu yote. Umejuaje kama nimeacha?"

Ottorino alijishusha kwenye kiti cha mstari wa mbele, fimbo katikati ya magoti.

"Nimepiga nyuma ya kodiani toka ujana wangu," alisema. "Nani alinisikia? Hata mama yako hakunisikia, na alikuwa anacheza mbele yangu. Usiku mmoja uzi ulinikatikia nikaacha. Watu wakaanza kukanyagana miguu. Wakamtukana mpiga kodiani, maskini, na yeye hakukosea kitu." Akaelekeza kidole kwa Nives. "Mimi nilitaka wewe usikike. Sikutaka ukae kule nyuma nilikokaa mimi. Ukaenda ukakaa hapo hapo, tena kwa kupenda, na kucha ukaniachia kwenye kisahani."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Toka siku ile ya kanisani nilijua. Ndiyo maana nilikasirika."

Nives alisimama pale, na ningependa kukwambia alimkumbatia, lakini huyu ni Nives. Aliweka tiorba begani, akashika kile kiti kwa mkono wa pili, akakitoa nyuma ya kinanda, akaupita ule mlingoti na kuupiga kumbo ukaanguka, hakugeuka kuutazama. Kiti akakipiga chini kiwikoni pa Ilde, mahali pake.

"Nives, watu wa nyuma—" Ermete alianza.

"Wa nyuma watatega sikio. Wakishindwa, wana miguu, waje mbele." Akakaa. "Nipe sauti."

Ermete alimtazama, akamtazama mzee, akamtazama Ilde, aliyekuwa ameshakisogelea kiti kile. Kisha akagusa kinanda akatoa sauti, na akaanza kupiga kwa upole ambao hakuwa nao mchana kutwa. Ilde alifika kwenye jina la mtoto akakaa pale kadiri alivyotaka. Wimbo wakaumaliza.

Ottorino hakupiga makofi. Alimwita binti yake kwa kidole, na Nives akashuka, akidhani mzee anataka kupelekwa chooni.

"Lete mkono."

"Upi?"

"Huo wa kazi."

Alimpa mkono wa kulia. Mzee aliusogeza kwenye mwanga wa jukwaa, akapapasa kidole kimoja kimoja kwa gumba lake lenye makovu ya moto wa kiwandani. Kwenye cha shahada akasimama, akakunja uso.

"Huu umeota," alisema. "Utakwenda nao hivi mbele za watu, ukwaruze nyuzi?"

Akachomoa tupa kwenye mfuko wa shati, akamvuta akae kando yake, akaanza kuusugua ule ukucha taratibu mpaka kwenye nyama.